Mrejesho: binti yangu na hesabu za kuruka

Wakuu, nimerudi. Mwezi uliopita niliuliza kuhusu binti yangu wa miaka 5: anaimba moja hadi ishirini kama kasuku, lakini ukimwomba vijiko vinne anakukusanyia vyote. Mkaniambia niache daftari, nicheze naye.

Nikachora vyumba 10 uani kwa mkaa. Mwanzoni alihesabu na chumba alichosimama; yuko cha 3, ukimwambia "ruka viwili" anaishia cha 4. Sikumkosoa, nilimwambia tu apige kofi kila miguu ikitua. Siku ya tano akaganda, akanitazama: "Kumbe nilipo sihesabu!"

Jana kaleta vijiko vinne kamili. Mdako bado, vijiwe vinamponyoka. Kutoa tutaanza kwa kuruka kinyumenyume, magoti yangu yakiruhusu.