Makapi ya korona za mkonge: sheria ilazimishe biogesi au tuwaache?

Wakuu, tulijadili hili la korona, yaani viwanda vinavyochakata majani ya mkonge kupata singa (nyuzi). Katika jani la mkonge, singa tunazouza ni kama asilimia 4 tu ya uzito. Mengine yote ni maji ya kijani na makapi. Korona ninayoifahamu mimi, upande wa Korogwe, inayasukuma kwa mfereji hadi bondeni. Juu yamekauka kama gamba. Ukikanyaga, mguu unazama kwenye tope vuguvugu linalotoa mapovu. Mapovu hayo yana methani, ambayo kwa kipindi cha miaka 100 inapasha dunia joto zaidi ya mara 25 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule. Mvua ikinyesha, maji yale machachu yanaishia mtoni na samaki wanakosa hewa.

Msimamo wangu: korona isiyo na mtambo wa biogesi isipewe kibali. Shamba la mkonge la Hale, mkoani Tanga, walishaonyesha miaka mingi iliyopita kwamba inawezekana: makapi tangini, gesi inazungusha jenereta, umeme unapatikana.

*Mchangiaji wa kwanza:*
Mkuu, mimi nina ekari sita za mkonge. Mtambo ni hela nyingi, na mwenye korona atazirudisha kwenye ada ya kuchakata, yaani kwangu. Halafu Ulaya wamechoma makaa ya mawe zaidi ya miaka 200, leo tubanwe sisi wa makapi?

*Mwanzisha mada:*
Ndugu yangu, la Ulaya sikupingi, deni kubwa ni lao. Ila wanaoteka maji chini ya bonde lile ni watu wetu, na mtoto anayeoga pale haulizi gesi ya nani imezidi.

La ada limenigusa, na hapo nalegeza. Korona za mashamba makubwa zianze, kwa muda maalumu. Zile za wakulima wadogo zisifungiwe: kwa sasa makapi yasirundikwe, yageuzwe yapate hewa, kisha yarudi shambani kama mbolea. Hiyo inataka trekta na vijana wachache, na methani inapungua sana kwa sababu inatokea pale yanapoozea bila hewa. Mtambo uje baadaye, kwa mkopo wa ushirika.

Hebu tuambie, unatozwa shilingi ngapi kwa tani, na korona yenu inakula dizeli lita ngapi kwa siku? Weka hapa tupige hesabu ya gesi inayopotea bondeni.