Ushauri: Kijana katoka kidato cha pili Tanzania, anaingia sekondari ya serikali Maryland, Marekani. Apangiwe masomo gani?

Baba Rehema
Wakuu, heshima kwenu. Kijana kamaliza kidato cha pili Morogoro, mtihani wa taifa kafaulu vizuri. Mwezi wa 8 anaanza darasa la 10 shule ya serikali huku Silver Spring, wilaya ya Montgomery. Anataka uhandisi. Nimepewa orodha ya masomo ndefu kama mkeka: Honors (masomo ya kiwango cha juu), AP (masomo ya kiwango cha chuo), IB (programu ya kimataifa), Magnet (programu maalumu ya kuchujwa), ESOL (Kiingereza kwa wenye lugha nyingine nyumbani). Mshauri wa shule anataka kumweka Aljebra 1. Nikubali? Na ile Magnet ya sekondari ya Montgomery Blair bado inawezekana?

Kipimapembe
Usikubali kabla hajapimwa. Ngazi ya hesabu huku ni moja: Aljebra 1, Jiometri, Aljebra 2, Prikalkulasi, kisha Kalkulasi ya AP, na kila kipandio ni mwaka mzima. Akianzia Aljebra 1 darasa la 10, darasa la 12 ataishia Aljebra 2, na kalkulasi ataisikia kwa wenzake tu. Vyuo vya uhandisi hapo ndipo vinapotazama kwanza.

Mshauri hana roho mbaya. Ripoti imeandikwa "Basic Mathematics", na kwa sikio la Mmarekani hiyo ni hesabu ya mtoto aliyeachwa nyuma. Hajui kwamba kwetu ndilo jina la somo lenyewe. Isitoshe, sisi tunafundisha aljebra na jiometri kwa kuchanganya, wao wanazitenganisha mwaka kwa mwaka.

Chapisha muhtasari wa hesabu wa kidato cha 1 na cha 2, uupige mstari kwa kalamu: milinganyo yenye x² ni Aljebra 1, pembetatu zinazofanana na Pythagoras ni Jiometri, logi ni Aljebra 2. Nenda nao pamoja na madaftari yake, uombe kwa maandishi apewe jaribio la kumpangia ngazi.

Atakapokwama ni kwenye uthibitisho wa Jiometri. Huku kila mstari unaandikiwa sababu yake, na kijana aliyezoea kutafuta jibu anapoteza alama hapo. Akionekana hayuko tayari kuiruka Jiometri, achukue Jiometri na Aljebra 2 mwaka huohuo, vipindi viwili kwa siku. Ni kazi kweli, lakini darasa la 12 kalkulasi anaikuta.

Mhasibu wa Krediti
Naongezea la alama, maana hapo wengi wanaumia kimyakimya. Kwa NECTA, baraza letu la mitihani, 68 ni B, kwa kuwa B ni 65 hadi 74. Montgomery 68 ni D, maana D yao ni 60 hadi 69. Ripoti ikifika bila maelezo, B ya namna hiyo inasomwa D. Mwombe mkuu wa shule wa Morogoro achape mizani ya alama kwenye karatasi ileile ya ripoti na apige muhuri juu yake. Karatasi ya pembeni hupotea.

Halafu piga hesabu. Somo moja la mwaka mzima ni krediti moja. Jimbo linadai krediti 21 ili mtu ahitimu, wilaya yenu inadai 22. Siku ina vipindi 7, kwa hiyo miaka mitatu ni krediti 21. Unaona? Bila kuhamishiwa krediti za sekondari aliyosoma Tanzania, hata akifaulu kila kitu hafiki. Kila somo lihesabiwe kabla hajapangiwa ratiba. Kiswahili nacho usikiache: uliza krediti ya lugha, na mtihani wa muhuri wa kumudu lugha mbili, unaowekwa kwenye cheti.

Nesi Mstaafu
Kadi ya chanjo pia. Yetu ina surua, au surua na rubela. Wao wanataka dozi 2 zenye matumbwitumbwi ndani, na tetekuwanga ambayo kwetu haimo kwenye ratiba. Anzeni mapema, dozi zina wiki za kusubiriana.

Dada wa Rockville
ESOL: ukiandika kwenye fomu kwamba nyumbani mnaongea Kiswahili, atapimwa Kiingereza. Andika ukweli. Mzazi ana haki ya kukataa huduma hiyo, ingawa mtoto ataendelea kupimwa kila mwaka.

Kipimapembe
Dada, kipindi cha ESOL kinakula nafasi ya kile kipindi cha pili cha hesabu. Mimi ningekataa.

Dada wa Rockville
Inategemea alama ya kuandika. Kuongea kunadanganya. Insha za huku zinadai hoja na ushahidi kutoka kwenye matini, na kijana mwenye alama ya chini akitupwa Kiingereza cha Honors anaweza kuangusha somo linalodaiwa miaka yote minne. Baba, angalia matokeo ya kuandika kwanza, ndipo uamue.

Magnet ya Blair watoto huomba wakiwa darasa la 8, vivyo hivyo IB ya sekondari ya Richard Montgomery. Usipoteze usingizi. AP shuleni kwenu hazihitaji Magnet.

Baba Rehema
Asanteni sana. Sasa AP ngapi mwaka wa kwanza?

Mhasibu wa Krediti
Moja, au usichukue kabisa. Kwenye wastani wa alama wa wilaya unaoyapa uzito zaidi masomo magumu, A ya Honors inahesabiwa 5 sawasawa na A ya AP, kwa hiyo hakuna cha kukimbilia. Mtihani wa AP ni Mei, alama 1 hadi 5, lakini kujiandikisha ni msimu wa majani kupukutika, na ada ni karibu dola 100 kwa somo. Kipato kikiwa kidogo kuna punguzo, liulizie Septemba. Darasa la 11 aangalie masomo ya Montgomery College, chuo cha jamii cha wilaya; mwanafunzi wa shule ya serikali halipi karo. Ila alama ya huko inabaki kwenye rekodi yake ya chuo daima, asiende kujaribu bahati.

Dada wa Rockville
Na saa za kujitolea zinazodaiwa ili ahitimu! Wilayani kwenu ni 75, aliyehamia katikati anapunguziwa kulingana na darasa aliloingilia. Kwaya na kufundisha madrasa havihesabiwi, kwa sababu kazi isiwe ya ibada. Kupanga chakula kwenye ghala la wahitaji kunahesabiwa, ila hakikisha shirika limeidhinishwa kabla hajaanza.