Mjadala: Je, wa chini kabisa katika timu ya upasuaji awe na mamlaka ya kusimamisha kazi?

Mzawa wa Kilombero

Ndugu wadau, naleta hoja iliyogawanya kikao chetu cha idara, na ambayo naamini inagusa kila mahali pa kazi penye ngazi za vyeo. Imependekezwa kwamba ndani ya chumba cha upasuaji mtu yeyote aliyemo, awe daktari bingwa, mtaalamu wa usingizi, muuguzi, daktari tarajali au mhudumu, awe na mamlaka ya kusema "tusimame kwanza", na kwamba akishasema hivyo kisu kisishikwe mpaka jambo lake lijibiwe. Wapo wanaosema huko ndiko kufanya kazi kwa timu, na wapo wanaosema huko ni kuvunja nidhamu.

Kwa wasiofahamu chanzo chake: mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji yenye vipengele 19, na kimojawapo kinataka kila mwanatimu ajitambulishe kwa jina na kwa jukumu lake kabla ngozi ya mgonjwa haijachanwa. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane duniani kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008, na moja kati ya hizo nane ilikuwa hapa kwetu Ifakara. Kwa hospitali zote kwa pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Naomba tujadili swali moja tu: mamlaka ya kusimamisha yawe ya wote, au yabaki kwa kiongozi wa timu?

Kisu Kimoja

Mimi ni mpasuaji, na orodha siipingi; naitumia. Ninachokataa ni kuigeuza orodha ya ukaguzi kuwa kura ya maoni. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, na hawakuwa wanazungumzia bahari peke yake. Mgonjwa anapomwaga damu hakuna nafasi ya kikao, wala hakuna nafasi ya kumweleza kila mtu kwa nini mkono wangu umekwenda hapa na si pale.

Niongeze jambo moja ambalo wengi wanalikwepa. Wanaotaka sauti sawa wakubali na lawama sawa. Mgonjwa akifariki, anayeitwa kujieleza mbele ya Baraza la Madaktari Tanganyika ni mimi, si yule aliyekuwa amesimama kando akifungua pakiti za uzi.

Zamu ya Usiku

Daktari, shikamoo. Hoja ya nahodha nitawaachia wengine, kwa sababu siwezi kulala bila kujibu hiyo ya pakiti za uzi.

Mimi ndiye huyo anayesimama kando. Kabla hujaanza nahesabu vitambaa vya kufyonzea damu, sindano na mikasi, nikihesabu kwa sauti pamoja na mwenzangu aliyevaa glavu, na idadi tunaiandika. Kabla hujafunga tumbo nahesabu tena: vilivyo mezani, vilivyo kwenye ndoo, na vile vilivyoloa vikashikana hata viwili vikaonekana kimoja. Idadi isipolingana, mimi ndiye ninayekuambia usifunge. Nimewahi kumwambia bingwa mmoja kwamba kitambaa kimoja hakijaonekana, nikasema mara ya kwanza, nikasema mara ya pili, naye akanijibu nitazame vizuri sakafuni huku akiendelea kushona. Alisimama pale tu mtaalamu wa usingizi, mwanamume mwenye cheo, alipopaza sauti na kurudia maneno yangu yaleyale. Kitambaa kilikuwa ndani ya tumbo la mama wa watu.

Kwa hiyo usituambie kwamba sisi hatubebi lawama. Nasi tuna Baraza letu la Uuguzi na Ukunga, na leseni zinafutwa. Tofauti ni kwamba wewe unaulizwa kwa nini uliamua, na mimi naulizwa kwa nini sikusema, wakati nilisema.

Mwana wa Ilala

Mnasahau kwamba haya yameshatokea hapahapa Dar es Salaam. Mnakumbuka ule mkasa wa Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili, nafikiri ilikuwa mwaka 2009, wagonjwa wawili wenye jina moja la kwanza, mwenye tatizo la goti akapasuliwa kichwa na mwenye tatizo la kichwa akapasuliwa goti? Mimi si mtu wa afya, ni mwananchi tu ambaye kesho naweza kulazwa kwenye kitanda hicho, na ninachojiuliza hadi leo ni hiki: tangu wodini hadi mezani, hakuna hata mmoja aliyeliona goti? Au aliyeliona hakuona kama ni kazi yake kusema?

Mkaazi wa Likoni

Ilikuwa Novemba 2007, ndugu yangu, si 2009, na tarehe hiyo ina maana, kwa kuwa wakati huo orodha hii ilikuwa bado haijatolewa rasmi.

Nasi huku Kenya tusijitenge. Mwanzoni mwa mwaka 2018, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ilimfungua fuvu mgonjwa asiyehusika, na kosa likagundulika wapasuaji walipokosa damu iliyoganda ambayo walikuwa wameingia kuitafuta. Namwomba Daktari aangalie ni nani waliosimamishwa kazi mara moja: daktari aliyekuwa akisomea ubingwa wa upasuaji wa ubongo, mtaalamu wa usingizi, muuguzi wa wodi, na muuguzi aliyempokea mgonjwa mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Wauguzi wawili kati ya watu wanne. Hayo madai kwamba lawama ni ya mpasuaji peke yake hayana ushahidi, wala hayapaswi kutumiwa kama sababu ya kuwanyamazisha wengine.

Kisu Kimoja

Sikusema kwamba wauguzi hawawajibiki, na Sista wa zamu ya usiku anajua kwamba namheshimu kila anayehesabu kwa uaminifu. Nasema timu ina mipaka. Timu ni wale waliopo mezani: mpasuaji, msaidizi wake, mtaalamu wa usingizi na wauguzi wawili. Naona sasa tunataka mpaka anayesukuma kitanda na anayekaa chumba cha kutakasia vifaa nao waingie kwenye mduara, wataje majina na wapewe neno. Kila mtu ana sehemu yake. Mtu wa vifaa abaki na vifaa vyake, kazi itakwenda.

Chumba cha Vifaa

Nimekuwa nikisoma mjadala huu bila nia ya kuandika, lakini sentensi ya mwisho ya Daktari inanihusu mimi.

Ninafanya kazi chumba cha kutakasia vifaa. Sikio langu la kushoto halisikii kabisa na la kulia linasikia kidogo, kwa hiyo kwa sehemu kubwa nasoma midomo, na katika eneo letu midomo yote iko nyuma ya barakoa. Asubuhi wakubwa hukutana kwa dakika chache kupanga mpangilio wa wagonjwa wa siku. Mimi siitwi, kwa sababu mimi ni mtu wa vifaa. Siku moja mpangilio ulibadilishwa kwa mdomo: mgonjwa wa mfupa wa paja akasogezwa hadi baadaye, na mama aliyetakiwa kupasuliwa ili ajifungue akaingizwa kwanza. Aliyeleta habari alisimama mlangoni kwangu, akasema maneno yake na barakoa usoni, akaondoka. Mimi nikaendelea kufunga seti ya mifupa. Walipokuja kudai seti ya uzazi ilikuwa bado ndani ya mashine ya mvuke. Wote wawili, mama na mtoto, walitoka salama, nashukuru Mungu, lakini katika maelezo ya tukio niliandikwa mzembe.

Suluhisho lilipatikana kwa muuguzi mmoja, aliyetundika ubao mweupe ukutani kwangu. Mpangilio ukibadilika, anafuta na kuandika upya, nami naweka alama kwamba nimeona. Gharama yake ni kalamu. Naomba Daktari anieleze: kabla ya ubao ule nilikuwa nimebaki na vifaa vyangu kama anavyotaka, je, kazi ilikwenda?

Hesabu za Serikali

Pole sana, ndugu yetu. Jambo hili lina sheria, na ndiyo maana nashangaa linajadiliwa kama hisani. Sheria inamtaka mwajiri atenge asilimia 2 ya ajira kwa watu wenye ulemavu. Tuulizane kwanza kama hospitali zetu zinatimiza hata hiyo.

Mwana wa Ilala

Asilimia 2 ni kidogo mno. Ifike 10.

Wakili wa Njia Panda

Tusichanganye mafungu. Asilimia 2 inatoka kwenye mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa upande wa ajira, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha kwamba angalau asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Aidha, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi mahali pa kazi kwa sababu mbalimbali, ulemavu ukiwa mojawapo.

Hata hivyo, someni tena alichoandika mtu wa vifaa. Yeye ameajiriwa tayari. Katika hesabu ya asilimia 3 amehesabiwa, na mwajiri anaweza kumwonyesha mkaguzi jina lake. Sheria ilimfikisha hadi mlangoni, halafu timu ikamwacha palepale.

Mkaazi wa Likoni

Katiba yetu ya 2010 inataja asilimia 5 kwa vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa, na inaitambua Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Hata hivyo ni hospitali ngapi mtu anaweza kuingia akakuta mhudumu mmoja anayeijua? Nakubaliana na Wakili: asilimia bila mpangilio wa kazi ni takwimu ya kufunga ripoti.

Hesabu za Serikali

Wakili amenijibu kana kwamba nilikusudia kupotosha. Hoja yangu ilikuwa kwamba sheria ipo, na ipo. Bila asilimia hizo huyo ndugu wa vifaa asingekuwa na ajira ya kuilalamikia.

Mzawa wa Kilombero

Naomba turudi. Swali lilikuwa mamlaka ya kusimamisha kazi, na tumefika kwenye asilimia za ajira. Sisemi ni kidogo, lakini kikao chetu kinanisubiri na jibu.

Kisu Kimoja

Nitamjibu mtu wa vifaa kwa sababu ameniuliza moja kwa moja. Ubao ni jambo jema na kesho nitaagiza uwekwe kwetu. Taarifa imfikie kila anayeihitaji. Hapo sina ubishi naye. Lakini kupewa taarifa ni jambo moja, na kuwa na mamlaka ya kunizuia ni jambo jingine. Mtu mwoga, anayeogopa kulaumiwa, atasimamisha kila kitu ili ajikinge, na mgonjwa atakaa chini ya dawa ya usingizi muda mrefu bila sababu. Hilo hamjalijibu.

Zamu ya Usiku

Nalijibu. Orodha ina vituo vitatu tu: kabla mgonjwa hajalazwa usingizi, kabla ngozi haijachanwa, na kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Hakuna hata kituo kimoja kinachoangukia katikati ya damu inayomwagika. Katika vituo hivyo tunauliza kama huyu ndiye mgonjwa mwenyewe, kama upande ni huu, kama ana mzio wa dawa, kama idadi inalingana. Anayesimamisha hapo hakupokonyi kisu, anakuuliza swali ambalo karatasi yenyewe inakuuliza.

Na kuhusu woga, Daktari, hebu tuwe wakweli. Tangu nianze kazi sijaona muuguzi aliyesimamisha upasuaji kwa woga. Nimeona wengi walionyamaza kwa woga.

Mwana wa Ilala

Kwa maneno hayo Dada amemaliza. Mimi nataka nihudumiwe na huyo anayehesabu.

Tarajali

Wakubwa zangu, shikamooni. Mimi ni daktari niliye kwenye mwaka wa mafunzo kwa vitendo, na sijaona mtu akigusa kinachonizuia mimi kusema. Mamlaka naweza kupewa kwenye karatasi leo, yakabandikwa ukutani kwa herufi kubwa. Lakini bingwa ninayetakiwa kumwambia "tusimame, mguu uliowekwa alama ni wa kulia" ndiye atakayetia saini kitabu changu cha mafunzo mwisho wa mzunguko, na bila saini yake sisongi mbele. Sijawahi kutishwa na yeyote, wala hakuna haja ya kunitisha, kwa sababu hesabu naifanya mwenyewe kichwani kabla sijafungua mdomo. Mwalimu wangu anaweza kuwa mtu mpole kuliko wote na bado nikanyamaza.

Kisu Kimoja

Kijana, mimi nimesaini vitabu vya watu walionipinga.

Tarajali

Naamini, Daktari. Lakini wao walijua hilo kabla hawajakupinga, au walilijua baadaye?

Zamu ya Usiku

Nasi wauguzi hatuko mbali naye. Tathmini zetu siku hizi tunazijaza kwenye PEPMIS, mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi, na anayeziidhinisha ni msimamizi wa palepale kazini, ambaye kesho yake anasimama na bingwa huyohuyo kwenye korido moja. Namwomba Mzawa aongeze kifungu kwenye pendekezo la kikao chake: kila kazi inaposimamishwa, iandikwe siku ileile kwenye daftari linalokwenda kwa mganga mfawidhi, na katika miezi inayofuata tathmini ya aliyesimamisha ipitiwe na mtu wa idara nyingine. Kifungu hicho kikiondolewa, mimi binafsi nitapiga kura ya kulikataa pendekezo lote, hata kama nimelitetea tangu mwanzo.

Mzawa wa Kilombero

Nimekichukua kama kilivyo. Lakini naona tayari nani atakuwa wa kwanza kukipinga: si wapasuaji, ni idara nyingine zitakazosema tathmini za watu wa upasuaji haziwahusu. Kama kuna aliyewahi kuvuka hapo katika hospitali yake, naomba aandike alivyovuka.