Rais mteule akikataa kusaini karatasi za maadili, kwani hakuna wa kumlazimisha?

mtu_wa_kayole:
Wadau, kuna kitu sielewi na hawa Wamarekani. 2024 Trump alitakiwa asaini mkataba wa makabidhiano ya madaraka na GSA, ile idara ya kusimamia majengo na mali ya serikali, kufikia 1 Septemba, alafu mwingine na White House kufikia 1 Oktoba. Kamala Harris akasaini, yeye akanyamaza tu mpaka uchaguzi ukaisha. Na humo ndani ndio kuna mambo ya maadili, timu yake iahidi haitatumia siri za serikali kujitajirisha na kadhalika. Kinachonichoma ni kwamba hiyo sheria ya kudai mpango wa maadili aliisaini yeye mwenyewe 2020 akiwa rais! Sasa hiyo ni sheria ama ni ombi? Na hapa kwetu Kenya ingewezekana?

wakili_wa_mtaa:
Shida ni venye ilitungwa. Haisemi usiposaini utashtakiwa, inasema usiposaini hupati. Hupati ofisi, hupati kompyuta za serikali, hupati ile kama dola milioni 7 ya kuendesha shughuli, na ukizichukua unabanwa, mchango wa mtu mmoja usipite dola 5,000 na majina ya waliochanga yaanikwe. Sasa mtu ana marafiki mabilionea, hiyo ni kumtishia mwenye Prado kwamba asipofuata laini atashushwa matatu. Ya White House alisaini 26 Novemba ameshashinda, ya wizara ya sheria 3 Desemba ndio watu wake wachunguzwe na FBI, ya GSA akaikataa kabisa, kwa hivyo michango haikuwa na kikomo. Alafu ule mpango wa maadili waliotoa uliongelea wafanyakazi wa timu, biashara zake mwenyewe hola.

Jirani_Embakasi:
Si watu walimpigia kura wakijua ana mahoteli na viwanja vya gofu? Mnalia kwa niaba ya nani sasa. Na hata sheria yao ya jinai ya mgongano wa maslahi haimgusi rais wala makamu wake, so hakuna kitu amevunja hapo.

karani_mstaafu:
@Jirani_Embakasi kujua ana hoteli si sawa na kujua nani anamlipia bili kabla aingie ofisini, hayo ni mambo mawili.

Lakini vijana msiwacheke sana. Mimi nimefanya kazi kaunti, na kila baada ya miaka miwili tulikuwa tunajaza fomu ya mali, ya kwako, ya mke na ya watoto chini ya miaka 18, hali ilivyokuwa tarehe 1 Novemba, na unarudisha kabla 31 Desemba ipite. Unaandika shamba, sacco, gari, madeni, unatia kwa bahasha unabandika gundi unapeleka, mtu wa HR anakutia kwa rejista, kwisha. Mwananchi wa kawaida haifungui hivi hivi, na sijawahi kusikia mtu ameitwa aulizwe mbona ploti zimezaana. Sisi tunasaini vizuri sana tu, mwenye kusoma ndiye hatuna.

mtu_wa_kayole:
Mzee umeniua na ploti kuzaana 😂 Na rais mteule wetu je, kuna karatasi yoyote anapewa?

wakili_wa_mtaa:
Kuna sheria ya 2012 ya kuingia ofisi ya rais, inaunda kamati, 2022 ilikuwa chini ya mkuu wa utumishi wa umma, lakini shughuli yake kubwa ni kuapisha, usalama na kumpa mteule taarifa za serikali. Na muda ni kidogo, Mahakama ya Juu iliamua kesi ya uchaguzi 5 Septemba na 13 Septemba Ruto akala kiapo Kasarani, wenzetu wanakaa kutoka Novemba hadi 20 Januari. Maadili sisi tuliyaweka mlangoni, Sura ya Sita ya Katiba, kabla mtu hajagombea. Na hapo mlangoni ndio unaona vituko, 2022 EACC, tume ya maadili na kupambana na ufisadi, ilipeleka kwa IEBC, tume ya uchaguzi, majina zaidi ya 200 yenye dosari na wengi wao wakawa kwa karatasi ya kura kama kawaida. Saa hii kuna sheria mpya ya mgongano wa maslahi, ilisainiwa Julai 2025, 2027 ndio itakuwa mtihani wake wa kwanza wa uchaguzi mkuu. Mimi ningeanza na swali moja tu, ile helikopta ya mteule kati ya kutangazwa na kuapishwa nani analipa mafuta?

Jirani_Embakasi:
Ya kati ya kutangazwa na kuapishwa? Anza na ya kampeni kwanza bana.