Mshono wa tabaka moja au mbili: ni upi unaolinda kovu la mfuko wa uzazi?

Hoja iliyo mezani ni kwamba hospitali zote zilazimishwe kushona mfuko wa uzazi kwa tabaka mbili baada ya upasuaji wa kujifungua, kwa madai kwamba tabaka moja humwachia mama kovu dhaifu, ambalo huweza kupasuka katika mimba inayofuata. Mimi ni mkunga, na wajawazito wenye makovu nawapokea kila wiki. Siungi mkono sharti hilo kama lilivyo.

Hofu hiyo ina chimbuko lake. Mwaka 2002, Emmanuel Bujold na wenzake wa Montreal walichapisha utafiti kuhusu wanawake waliojaribu kujifungua kwa njia ya kawaida baada ya upasuaji: mfuko ulipasuka kwa asilimia 3.1 ya walioshonwa tabaka moja, na asilimia 0.5 ya walioshonwa mbili. Tofauti hiyo inatisha, ila ilitokana na kumbukumbu za nyuma, si kwa wanawake waliopangiwa mshono kwa kura. Utafiti wa CORONIS, uliohusisha wanawake zaidi ya 15,000 katika nchi 7, Kenya na Sudan zikiwamo, ulipanga kwa kura, na taarifa yake ya ufuatiliaji ya mwaka 2016 haikuonyesha tofauti. Hata hivyo, kupasuka kwa mfuko ni tukio la nadra, kwa hiyo anayedai kwamba CORONIS imemaliza ubishi naye anaharakisha.

Linalonishawishi zaidi ni namna uzi unavyopitishwa. Mshono ambao kila mzunguko hupitia kwenye kitanzi cha uliotangulia huzuia damu kutoka upesi, lakini pia hubana kingo za jeraha zikakosa damu ya kuziponya. Tafiti zilizojumuishwa pamoja zilihusisha hatari na tabaka moja la aina hiyo, wala si kila tabaka moja.

Sasa tutazame kadi ya kliniki. Mama amefika usiku, uchungu umeshika, na kwenye kadi yake pameandikwa tu kwamba alifanyiwa upasuaji mara moja. Kovu la ngozi limelala chini ya kitovu, nami siwezi kujua kwa kulitazama kama mfuko wenyewe ulikatwa kwa kulala sehemu ya chini au kwa kusimama hadi juu, ingawa mkato wa kusimama una hatari kubwa mara kadhaa uchungu unapoanza. Tabaka ngapi, uzi gani, mkato ulichanika? Majibu yamebaki kwenye faili la hospitali nyingine, pengine mkoa mwingine.

Kwa hiyo, wenzangu mnaotaka sharti la tabaka mbili, nawauliza: mbona hamdai kwanza kwamba daktari aliyeshona aandike mistari mitatu kwenye kadi ya mama, kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani, akieleza mkato ulivyokuwa, mshono uliotumika, na kama anashauriwa kujaribu njia ya kawaida?