Betri za kuchaji kwa tochi ya nguvu: 18650 au 21700, yenye kinga au isiyo na kinga?

mwanga_mkali
Wakuu, tulinganishe. Tochi inatumia seli (betri) moja ya 21700, yaani kipenyo milimita 21 na urefu 70, na ina kifuko cha plastiki cha kuvalishia 18650 (milimita 18 kwa 65). Ikiwashwa kiwango cha juu inapeleka wati 40 kwenye LED, na inajizima betri ikishuka hadi 2.8 V. Zilizopo mezani (mAh ni kiasi cha chaji, A ni ampea za juu inazoweza kutoa mfululizo, kinga ni saketi ndogo inayokata umeme hatari ikitokea):

- Panasonic NCR18650GA, takriban 3450 mAh, 10 A, haina kinga
- Samsung 50E (21700), 5000 mAh, 9.8 A, imefungwa saketi ya kinga
- Molicel P42A (21700), 4200 mAh, 45 A, haina kinga
- LiFePO4 (lithiamu ya chuma na fosfeti) ya 18650, 1500 mAh

Ipi ni salama na bado tochi itoe mwanga wake wote?

Fundi_Ampea
Mkuu, anza na ampea, mAh zisubiri. LED inakula wati 40, saketi ya tochi ikipoteza asilimia 10 seli inatoa wati 44 na ushee. Gawa kwa volti: kwenye 3.6 V ni ampea 12.3, kwenye 3.1 V ni ampea 14.3. Umeona? Tochi inayoshikilia wati zilezile huvuta zaidi kadiri betri inavyoisha, kwa hiyo hesabu ipigwe mwisho wa chaji, si mwanzo. GA na 50E zimeshatoka kwenye mashindano kwa kiwango hicho.

Ukizilazimisha, kinachofuata ni joto. Seli yenye ukinzani wa ndani wa miliohmu 50 ikitoa ampea 14 inapoteza 0.7 V ndani yake, na karibu wati 10 zinageuka joto ndani ya bomba lililofungwa kwa mipira ya kuzuia maji. Yenye miliohmu 15 inapoteza 0.2 V tu na joto lake halifiki wati 3. Ndiyo maana ile 5000 mAh haikuachi mbali na 4200 mAh unapowasha juu kabisa: sehemu ya chaji yake inaishia kupasha bomba, na volti zinagusa 2.8 mapema.

Bi_Saketi
Nakubali hesabu, ila tusiidharau kinga. Saketi yake, ile sahani ndogo chini ya seli, inakata chaji ikizidi takriban 4.25 V, inakata matumizi volti zikishuka mno (nyingi karibu 2.5 V), na inakata papo hapo ikipigwa shoti. Kwa anayetupa betri mfukoni pamoja na funguo, hiyo ndiyo tofauti kati ya usumbufu na kuungua paja.

Gharama zake ni mbili. Inaongeza urefu: 18650 tupu ni milimita 65, yenye kinga hufika 68 hadi 70, na bomba fupi huiminya hadi sahani inapinda. Pili, ikikadiriwa ampea 10 na tochi ikavuta 14, inakata na unabaki gizani ghafla. Mara nyingi haiamki hadi uirudishe kwenye chaja. Basi chagua: ukibaki kiwango cha kati, wati 15 hivi, 50E yenye kinga ni bora kuliko zote hapo juu, na inadumu zaidi. Ukitaka wati 40, P42A.

mwanga_mkali
Na LiFePO4? Kila mahali wanaisifu kwa usalama.

Fundi_Ampea
Sifa ni ya kweli, kemia yake inavumilia joto kuliko hizo nyingine. Lakini 1500 mAh kwa 3.2 V ni saa-wati 4.8, P42A ina 15. Halafu inakaa kwenye 3.2 V karibu muda wote wa kutumika, kwa hiyo tochi iliyopangiwa seli za 4.2 V inaweza kuidhania iko ukingoni na kushusha mwanga ingali imejaa. Pita.

mzee_wa_chaja
Mmeisahau chaja. Na hiyo LiFePO4 inaishia 3.65 V, ukiitia kwenye chaja ya 4.2 V isiyo na swichi ya kubadilisha, unaijaza kupita kiasi.

Kwa 21700 tumia ampea 2, kwa 18650 ampea 1 hadi 1.5. Chaja ikisema imejaa, toa seli upime kwa multimita: 4.15 hadi 4.20 V ni sawa. Ukikuta 4.25 au zaidi, chaja hiyo ni ya kutupa, haina mjadala. Usichaji chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, kwa sababu lithiamu inajitandaza juu ya grafiti (upande hasi wa ndani) badala ya kuingia ndani, na haiondoki vizuri. Seli iliyokutwa na 1 V baada ya kusahaulika usiifufue: shaba ya ndani imeanza kuyeyuka, na ikichajiwa inajenga njia ya shoti humohumo ndani.

seli_tupu
Kabla ya yote, hakikisha ni seli halisi. 18650 iliyoandikwa 9900 mAh ni uongo mtupu. Nzuri zilizozoeleka zinaishia karibu 3500. Weka kwenye mizani: 18650 halisi ina gramu 45 hadi 50, 21700 karibu gramu 70. Ya gramu 30 imejazwa hewa na matumaini.

Ijulikane pia kwamba Januari 2021 tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani, CPSC, iliwaonya watu wasinunue seli za 18650 zinazouzwa moja moja, kwani zimetengenezwa kufungwa ndani ya pakiti zenye ulinzi wake. Ukiamua kutumia isiyo na kinga, ulinzi unakuwa kazi yako.

Bi_Saketi
Na kazi hiyo inaanza na ganda. Kopo lote la seli ni hasi, hadi kwenye bega linalozunguka ncha chanya. Kinachotenganisha chanya na hasi hapo juu ni pete nyembamba ya karatasi na plastiki ya nje, basi. Ikichanika begani, kituo cha tochi (chuma kinachogusa betri) kikigusa pande zote mbili ni shoti kamili.

Kuvalisha upya: chambua plastiki ya zamani kwa kucha, si kwa kisu. Weka pete mpya ya karatasi juu ya chanya, ingiza kwenye plastiki ya PVC ya kusinyaa (upana ikiwa bapa ni takriban milimita 30 kwa 18650, 34 kwa 21700), acha milimita 3 hivi kila upande, kisha tumia kikaushia nywele ukizungusha. Moto wa kiberiti hapana.

mwanga_mkali
Nimeelewa, P42A kwa huku juu. Ncha yake ni bapa, kuna shida?

Fundi_Ampea
Angalia kichwa cha tochi. Kama kituo cha chanya kimezungukwa na pete ya plastiki iliyoinuka, hiyo ni kinga dhidi ya kuweka betri kinyume, na ncha bapa haitagusa. Usiweke sumaku kuziba pengo. Ikiteleza inakaa begani, pale pale alipoeleza Bi_Saketi.

mzee_wa_chaja
Kama haitatumika kwa wiki kadhaa, ishushe hadi 3.6 au 3.8 V na uitoe kwenye tochi, maana swichi ya kielektroniki inanyonya kidogo kidogo hata ikiwa imezimwa. Iwekwe kwenye kisanduku cha plastiki, si droo yenye misumari.