Naomba ushauri: picha za kivuli za ukoo zisizo na majina

Habari zenu wakuu. Mume wangu ni Mwingereza, na marehemu mama mkwe ametuachia picha mbili za kivuli, zile za uso wa upande, nyeusi tupu, zimechorwa juu ya plasta. Nyuma ya moja kuna lebo ya mchoraji wa picha za kivuli John Miers, 111 Strand, London. Miers alifariki 1821, ila mwanawe aliendeleza kazi, hivyo mwaka bado unanitatiza. Mwanamke amevaa kofia ya utepe, na kidevu chake kimechongoka vilevile kama cha binti yangu. Lakini kidevu si ushahidi. Mliowahi kutafuta, nianze na mavazi, au wosia na rejista za kanisa? Na fremu niifungue kutafuta maandishi, au nitaiharibu? Natamani sana wanangu wamjue kwa jina.